Joto la Nini? Miaka Mia Mbili ya Kupima Joto la Mijini

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wanafunzi, wahandisi na watu wa mipango miji. Wengi waliokosa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka nzima kama nilivyoisema. Michoro iliyokuwa ukutani nimeiacha. Pale nilipokuwa nikiinyooshea kidole, nimeeleza kwa maneno.

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mbele, vijana mliojibanza nyuma kama kawaida yenu, hamjambo?

Tuanze kwa mikono. Nani hapa amewahi kusikia kwamba mjini kuna joto kuliko mashambani? Asanteni, karibu ukumbi mzima. Shusheni. Sasa nani ataniambia ni joto la nini?

Naona mikono miwili, na mmoja unasitasita.

Joto la nini? La hewa unayovuta puani? La lami unayoikanyaga? La paa lililoanikwa juani, ambalo setilaiti inaliona kutoka juu? La mwili wa mtu aliyesimama kituoni akisubiri basi? Au la chumba anacholala bibi yake saa nane za usiku? Hivyo ni vitu vitano, na vinapishana. Kimoja kinaweza kupanda huku kingine kinashuka, mtaa uleule, saa ileile. Nikiuangalia utafiti wa kile tunachokiita kisiwa cha joto mjini, yaani mji kuwa na joto kuliko mashamba yanayouzunguka, tangu mwanzo wake hadi leo, naona kila kizazi cha watafiti kikipima joto lake na kudhani ndilo joto lote. Kisha anakuja mwingine na kipimo kipya, na mambo yanavurugika. Leo nataka niwavuruge kidogo.

Tuanzie London, mwanzoni mwa karne ya 19. Kulikuwa na mtu akiitwa Luke Howard. Hakuwa profesa wa hali ya hewa. Alikuwa mfamasia na mtengenezaji wa kemikali, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha. Huyu ndiye aliyeyapa mawingu majina yanayotumika mpaka leo, sirasi, kyumulasi, stratasi, na kama angeishia hapo angekuwa amefanya ya kutosha. Lakini alikuwa na tabia moja: kila siku, mwaka baada ya mwaka, alisoma vipimajoto vyake vilivyokuwa nje ya mji, akavilinganisha na kile cha Royal Society, chama cha wanasayansi, kilichokuwa katikati ya London. Kitabu chake kuhusu hali ya hewa ya London kilianza kutoka mwaka 1818.

Alipata nini? Kwamba usiku mji ulikuwa na joto kuliko mashamba kwa nyuzi 3.7 za Farenhaiti, yaani nyuzi 2 na kidogo za Selsiasi. Hiyo mnaijua. Ambayo wengi hawaijui ni sehemu ya pili: mchana, mji wake ulikuwa na ubaridi kidogo kuliko mashamba. Kidogo sana, theluthi moja ya nyuzi ya Farenhaiti, lakini ubaridi.

Mnasikia? Mtu wa kwanza kulipima jambo hili alituambia tangu siku ile kwamba kisiwa cha joto ni jambo la usiku. Na sisi, miaka mia mbili baadaye, tukitaka kuonyesha joto la mjini gazetini tunaweka picha ya mtu anayejipangusa jasho saa saba mchana.

Howard hakuishia kwenye namba. Alitoa sababu, na nikizisoma leo namwonea wivu, kwa sababu tumetumia vizazi kadhaa kuzithibitisha tu. Alisema watu na moto wao huongeza joto. Alisema kuta hupokezana joto badala ya kuliacha liende zake angani. Alisema majengo huuzuia upepo. Alisema mjini hakuna maji ya kutosha ya kugeuka mvuke. Moto, kuta, upepo, maji. Mengine yote nitakayoyasema leo ni maelezo ya ziada juu ya hayo manne.

Niyaeleze kwa haraka kwa wale ambao si watu wa fizikia. Jua hutoa nishati ileile kwa shamba na kwa mtaa. Shamba lenye unyevu hutumia sehemu kubwa ya nishati hiyo kugeuza maji kuwa mvuke. Lita moja tu ya maji ikivukizwa huchukua joto sawa na la pasi ya wati 1000 iliyowashwa dakika 40 hivi. Piga hesabu ya lita ngapi mti mkubwa mmoja unatoa kwa siku, utajua umekaa chini ya mtambo wa namna gani. Mtaa wa lami hauna maji ya kuvukiza, kwa hiyo nishati huingia kwenye lami, kwenye matofali, kwenye zege, ikajificha humo. Jua likizama, shamba lililo wazi hutazamana na anga lote na kutoa joto lake upesi. Mtaa uliobanwa na majengo pande zote mbili huona ukanda mwembamba tu wa anga. Ukuta huu unautupia joto ukuta ule, na ule unalirudisha. Ndiyo maana tofauti huwa kubwa saa chache baada ya magharibi, usiku usio na mawingu wala upepo.

Haya yalithibitishwa hatua kwa hatua. Mwaka 1927, kule Vienna, Wilhelm Schmidt alifunga kipimajoto kwenye gari akazunguka mji usiku. Wazo rahisi sana, na lilibadilisha kila kitu, maana sasa ungeweza kuuchora mji wote badala ya kulinganisha pointi mbili. Ukiunganisha kwa mistari sehemu zenye joto sawa, mchoro unafanana na ramani ya kisiwa baharini: ufuo mkali ukingoni mwa mji, kilele katikati. Jina likatoka humo. Kwa muda mrefu jina hilo la Kiingereza, urban heat island, lilihesabiwa kuwa la mtaalamu wa hali ya hewa Gordon Manley wa mwaka 1958, mpaka waliopekua makabrasha ya zamani walipolikuta tayari linatumika katika miaka ya 1940. Hata sisi watu wa vipimo hatujui vizuri kupima historia yetu wenyewe.

Halafu akaja Timothy Oke wa Kanada. Mwaka 1973 alichapisha kazi yake juu ya makazi ya Quebec, kuanzia vijiji mpaka jiji kubwa, akaonyesha kwamba tofauti ya joto huongezeka kadiri idadi ya watu inavyokua, lakini kwa namna ya pekee: idadi ya watu ikizidishwa mara kumi, joto huongezeka kwa hatua moja, ikizidishwa mara kumi tena, hatua nyingine ileile. Maana yake nini? Maana yake hata mji mdogo kabisa una kisiwa chake. Msijifiche nyuma ya udogo.

Lakini palikuwa na tatizo. Miji ya Ulaya yenye watu sawa na ile ya Amerika Kaskazini ilionyesha tofauti ndogo zaidi. Kama ni watu wanaoleta joto, mbona watu wale wa Ulaya wanaleta kidogo? Oke alilirudia jambo hilo mwaka 1981, akajenga modeli ndogo za barabara na kuzipoza maabara. Jibu likawa wazi: idadi ya watu ilikuwa inasimama badala ya kitu kingine. Kilichokuwa kinafanya kazi ni urefu wa majengo ukilinganishwa na upana wa barabara. Ni kiasi gani cha anga unakiona ukiwa umesimama chini. Toka nje sasa hivi, simama katikati ya barabara, inua macho: anga unaloliona linakueleza usiku wa leo utakuwaje kuliko sensa ya watu.

Mpaka hapo watafiti walikuwa wanapima hewa. Joto la nini? La hewa, karibu na usawa wa kichwa cha mtu. Kisha tukapata macho ya juu.

Mwaka 1972 mtafiti P. Krishna Rao alionyesha kwamba setilaiti inaweza kuviona visiwa vya joto vya miji. Tangu hapo, na hasa tangu data za setilaiti za Landsat na za kifaa kiitwacho MODIS zilipotolewa bure, utafiti huu umefurika. Na kwa nini usifurike? Huhitaji kufunga kipimajoto hata kimoja. Unakaa kitini, unapakua picha, unapaka rangi nyekundu na buluu, unapata makala. Nasema hivyo kwa upendo. Mimi mwenyewe nimezipaka.

Utafiti mmoja maarufu wa mwaka 2012 ulichukua miji mikubwa 419 duniani. Ukakuta kwamba kwa wastani wa mwaka, mji unazidi viunga vyake kwa nyuzi 1.5 za Selsiasi mchana na nyuzi 1.1 usiku. Simameni hapo. Mchana zaidi ya usiku? Howard alisema nini? Alisema mchana mji ndio wenye ubaridi kidogo. Je, Howard alikosea?

Hakukosea. Joto la nini? Setilaiti haipimi hewa. Inapima mionzi inayotoka kwenye uso wa vitu: mapaa, lami, vilele vya miti. Paa saa saba mchana linaweza kukuunguza kiganja huku hewa ya mita chache pembeni yake ikiwa ya kawaida tu. Zaidi ya hapo, setilaiti inatazama kutoka juu, kwa hiyo inaona paa vizuri na ukuta kwa shida, na mtu aliye chini ya mti haimuoni kabisa. Tena Landsat, ambayo picha zake ndizo nzuri kwa kutofautisha mtaa na mtaa, hupita asubuhi, saa nne au saa tano hivi. Saa nne asubuhi! Wakati jambo tunalolitafuta liko saa nne usiku. Kifaa cha ECOSTRESS kilichopelekwa kwenye kituo cha anga za juu mwaka 2018 kimesaidia, kwa sababu kituo hicho hupita mahali pamoja kwa saa tofauti tofauti. Lakini wingi wa ramani nyekundu mnazoziona ni ramani za mapaa ya asubuhi.

Sisemi kwamba setilaiti hazifai. Zimetufundisha mambo ambayo kipimajoto cha ukutani kisingeweza kutufundisha. Zimetuonyesha kwamba mji wa jangwani unaweza kuwa na uso wenye ubaridi kuliko mchanga unaouzunguka, kwa sababu mjini kuna bustani zinazomwagiliwa. Mwaka 2019 kundi la watafiti likiongozwa na Gabriele Manoli lilitazama miji zaidi ya 30,000, likaonyesha kwamba mvua ya mahali ina sauti kubwa. Mji wa nchi kavu ukipanda miti na kuimwagilia, tofauti yake na viunga hupungua upesi. Mji uliozungukwa na msitu wa mvua unashindana na msitu, na utahitaji majani mengi mno kuufikia. Kwa hiyo dawa iliyofaa kule haiwezi kunakiliwa tu hapa. Hilo ni jambo zito kwa yeyote anayeandika mpango wa jiji kwa kuiga mpango wa jiji jingine.

Ndugu zangu, sasa naingia mahali panaponiuma.

Mwaka 2011 Iain Stewart alichapisha kazi ambayo ilipaswa kutukosesha usingizi sisi sote wa fani hii. Alikusanya tafiti 190 za visiwa vya joto zilizofanywa kati ya 1950 na 2007, akazisahihisha kama mwalimu anavyosahihisha mitihani. Je, mtafiti ameeleza kipimajoto kilikuwa wapi? Ameeleza anachokiita mji ni nini na anachokiita shamba ni nini? Amedhibiti hali ya hewa ya siku hiyo? Wastani wa alama: asilimia 50. Na karibu nusu ya namba za tofauti ya joto zilizotangazwa, akahukumu kwamba hazina utetezi wa kisayansi.

Karibu nusu!

Mnafikiri nilicheka nilipoisoma? Ngoja niwape kisa changu. Nilipokuwa mwanafunzi nilifunga kipimajoto changu cha kwanza nyuma ya jengo moja, mahali pazuri penye kivuli. Namba zilianza kuja. Usiku, mji wangu ulikuwa unapika! Nikaandika sura nzima. Nikamwonyesha mwalimu wangu, naye hakusema neno, akaniambia tu twende tukakione. Tulifika jioni. Juu ya kipimajoto, kwa urefu wa mkono mmoja, kiyoyozi kilikuwa kinapumulia hewa yake ya moto chini. Wiki tatu nilikuwa napima pumzi za kiyoyozi. Mwalimu akaniuliza swali ambalo nimeliiba na kulifanya kichwa cha hotuba hii.

Na upande wa shamba ni vilevile. Shamba gani? La mpunga lenye maji? La mahindi yaliyovunwa? Uwanja wa ndege? Ukibadilisha shamba, namba ya mji inabadilika, na mji wenyewe haujabadilika hata tofali moja. Helmut Landsberg alilikwepa tatizo hilo kwa ujanja: alikwenda Columbia, Maryland, mji mpya uliokuwa ndio kwanza unaanza kujengwa, akapima katika miaka ile ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970 wakati nyumba zinaota. Mji ukalinganishwa na nafsi yake ya jana. Lakini ni wangapi kati yetu wanapata bahati ya kufika kabla ya mji?

Jibu la Stewart, akiwa na Oke, lilitoka mwaka 2012: tuyaache maneno mji na shamba. Wakagawa mandhari katika aina 17, kumi za majengo na saba za ardhi isiyojengwa. Majengo marefu yaliyobanana, majengo mafupi yaliyobanana, majengo mafupi yenye nafasi, vibanda vyepesi, viwanda, kisha miti minene, nyasi, udongo mtupu, maji na kadhalika. Ukipima, unasema umepima aina gani dhidi ya aina gani. Limekuwa lugha ya pamoja, na leo ukisoma makala isiyoutaja mgawanyo huo unaanza kujiuliza mwandishi alikuwa wapi.

Kuhusu vipimo vya wananchi nitapita haraka. Watu wana vituo vidogo vya hali ya hewa kwenye vibaraza vyao, vimeunganishwa kwenye intaneti, na kwa baadhi ya majiji vinahesabika kwa mamia. Mwaka 2013 watafiti walikadiria joto la hewa la majiji manane kwa kutumia joto la betri za simu za watu mifukoni. Betri za simu! Nikisoma kazi hiyo nakumbuka kiyoyozi changu na kujiambia kwamba wingi wa vipimo vibaya, ukichambuliwa kwa akili, unaweza kushinda kipimo kimoja unachokiamini kwa upofu.

Tufike sasa kwenye mwili wa mtu, maana huko ndiko utafiti unakoelekea, na mimi nasema umechelewa.

Los Angeles walipaka baadhi ya barabara zao rangi nyeupenyeupe inayorudisha mwanga wa jua. Hoja ilikuwa safi: lami nyeusi inameza mwanga, rangi nyeupe inautupa, barabara itapoa. Ariane Middel na wenzake wakaenda na kitoroli chenye vifaa vinavyopima mionzi kutoka pande sita: juu, chini, na pande nne. Yaani kitoroli kinachojifanya mtu. Wakapata nini? Uso wa barabara ulipoa kweli, kwa nyuzi 4 mpaka 6. Setilaiti ingepiga makofi. Lakini saa za katikati ya mchana, joto la mionzi linalomfikia mtu aliyesimama juu ya barabara hiyo lilipanda kwa nyuzi 4. Limepanda! Kwa nini? Kwa sababu mwanga uliotupwa na barabara lazima uende mahali, na mahali penyewe ni wewe. Jua linakupiga utosini, na sasa linakupiga na kidevuni.

Joto la nini? Mnaona sasa kwa nini nang'ang'ania? Mhandisi aliyepima barabara alisema mradi umefaulu. Mtembea kwa miguu alisema mnaniunguza. Wote wawili walisema kweli. Kwa paa, ambako hakuna mtu anayetembea, rangi nyeupe ni jambo jema na ningeipaka kesho. Kwa njia ya watu wanaotembea mchana, nipeni kivuli kwanza.

Na kuna mwili ambao hautembei kabisa. Julai 1995, wimbi la joto liliipiga Chicago na kuua watu zaidi ya 700 katika siku chache. Waliokwenda kuchunguza nani alikufa na nani alinusurika mtaa uleule, waliona hatari ikiwaandama watu wa namna fulani: anayeishi peke yake, asiyetoka nje, mgonjwa wa kitandani, anayekaa ghorofa ya juu kabisa chini ya paa. Nasisitiza hiyo ya paa. Mwili ulioteswa mchana huhitaji usiku wa kupumzika, na paa lililomeza jua kutwa nzima hulitema chumbani usiku. Miaka minane baadaye, kiangazi cha 2003, Ulaya ilipoteza watu zaidi ya 70,000 kuliko kawaida ya msimu huo. Mei 2010, Ahmedabad nchini India, vifo vya ziada 1,344 kwa mwezi mmoja. Jiji hilo likaandaa mpango wake wa tahadhari ya joto mwaka 2013, nao umeigwa kwingi.

Joto hilo halimwagiki sawasawa. Marekani, katika miaka ya 1930, taasisi ya serikali ilichora ramani za miji na kuipaka rangi nyekundu mitaa iliyoonwa kuwa hatari kukopesha, mingi ikiwa ya watu weusi. Mwaka 2020 watafiti walizichukua ramani hizo kwa miji 108 na kuzilaza juu ya picha za setilaiti za leo. Katika asilimia 94 ya miji hiyo, mitaa iliyopakwa nyekundu ndiyo yenye joto zaidi, kwa wastani wa nyuzi 2.6 kuzidi mitaa iliyopendelewa. Kalamu ya karani wa mikopo, karibu miaka tisini baadaye, inapimika kutoka angani. Nanyi mmekwisha kuniwahi kuuliza, nawaona: hilo ni joto la uso. Ndiyo, ni la uso. Lakini uso usio na miti unajieleza.

Mwaka 2023 ukatoka utafiti juu ya miji 93 ya Ulaya katika kiangazi cha 2015. Ulihesabu vifo zaidi ya 6,700 vilivyotokana na joto lililoongezwa na mji wenyewe, mbali na joto la msimu. Kisha ukauliza: miti ingefunika asilimia 30 ya mji, ingekuwaje? Jibu: zaidi ya theluthi moja ya vifo hivyo ingeepukika. Hii ndiyo aina ya swali ninayotamani vijana mlioko nyuma mliulize. Sio nyuzi ngapi, bali nani angekuwa hai.

Kabla sijashuka, mambo mawili ambayo huulizwa kila mara, niyamalize hapa tusigombane kwenye chai. La kwanza: je, ongezeko la joto la dunia si vipimajoto vya mijini tu vinavyotudanganya? Hapana. Mwaka 2004 David Parker alitenganisha usiku wa upepo na usiku wa utulivu. Upepo huvifuta visiwa vya joto. Kama ni miji inayotudanganya, usiku wa upepo ungeonyesha ongezeko dogo zaidi. Ukaonyesha ongezeko lilelile. La pili: si tununue viyoyozi tu? Kiyoyozi kinaokoa maisha, Chicago ilithibitisha hilo. Ila joto kinalolitoa chumbani kinalimwaga mtaani. Hesabu za kompyuta zilizofanywa kwa jiji la Phoenix, Marekani, mwaka 2014 zilionyesha usiku hewa ya nje ikipanda kwa zaidi ya nyuzi 1 katika baadhi ya sehemu kwa sababu hiyo. Jirani asiye na kiyoyozi analala na joto lako. Iko njia nyingine: Stuttgart, mji wa Ujerumani ulio bondeni, uliajiri mtaalamu wa hali ya hewa tangu 1938, na mpaka leo kuna njia za hewa baridi kutoka vilimani ambazo mipango ya mji inazilinda zisizibwe na majengo. Hakuna umeme unaohitajika hewa kushuka mlima.

Kinachobaki ni pengo. Sehemu kubwa ya tulichokijua imetoka katika miji ya ukanda wa baridi. Miji inayokua kwa kasi zaidi iko katika nchi za joto, na huko vituo vya kupima ni haba. Na hata tulikopima sana, tumepima hewa ya mtaani, tumepima mapaa kutoka angani, tumepima lami, tumejenga vitoroli vinavyojifanya watu. Ndani ya nyumba, chini ya paa, saa nane za usiku, mahali ambapo watu wa Chicago walifia, hatujapima ila kidogo.

Kwenye meza iliyo karibu na mlango kuna sanduku la vipimajoto vidogo vinavyojiandikia kila robo saa. Chukua kimoja, kakitundike chumbani unakolala, mbali na dirisha, mbali na taa, na tafadhali mbali na kiyoyozi. Kirudishe baada ya mwezi. Kila kimoja kina kadi: paa la nyumba ni la nini, chumba kiko ghorofa ya ngapi, dirisha linafunguka, mnalala wangapi. Jina lako hatulihitaji. Ila usirudishe kadi bila kuandika ulikitundika wapi.